Kuni kubiki 8 shambani Mafinga, zimefika Iringa 6.2. Nani kanipunja?

MamaTumaini_Mufindi

Habari za asubuhi wadau. Naandika nikiwa bado na uchungu, lakini naomba jibu la kweli, si la kunifariji.

Nina ekari mbili na nusu za milingoti, yaani mikaratusi, kama kilomita kumi kutoka Mafinga mjini. Marehemu mume wangu ndiye aliyeipanda. Tuliikata mara ya kwanza 2018 tukauza nguzo, visiki vikachipua, na sasa machipukizi mengine yamefika unene wa paja la mtu mzima. Mengi hayajanyooka, kwa hiyo nguzo hayatoi. Nauza kuni. Hizo kuni ndizo zinazomsomesha mwanangu chuo cha ufundi.

Mteja wangu ana tanuri la mikate Iringa mjini. Mara tatu tumeuziana kwa Canter, yaani bodi ikijaa tuna bei yetu. Mwezi uliopita akaniambia mama, bodi hazilingani, kila gari lina mbao zake, tuhamie kwenye kubiki, yaani mita ya ujazo. Nilifurahi, maana hilo hata mimi lilikuwa linanikera. Tukapatana shilingi 40,000 kwa kubiki moja, kuni zikiwa zimefika kwake, usafiri juu yangu.

Jumatano nikapanga na vijana wawili. Magogo ya mita moja moja. Tulichimbia vigingi viwili kila mwisho, nikachora alama ya mita moja kwa mkaa kwenye kila kigingi, tukapanga mpaka kwenye alama. Urefu wa mstari mzima mita 8, nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Nane mara moja mara moja, kubiki 8. Nikampigia mteja picha, akajibu "sawa mama, leta."

Alhamisi alfajiri akapiga simu kwamba mdomo wa tanuri haupokei gogo la mita, nimkatie katikati. Nikamwita kijana wa msumeno akakata yote, manene wakayachanja, tukarusha kwenye Canter, likajaa hadi juu ya mbao. TP, kibali cha kusafirisha kuni, ikaandikwa kubiki 8. Gari likaondoka saa nne.

Saa kumi jioni mteja ananitumia video. Kuni zimepangwa ukutani kwake, futi imenyooshwa, zinatoka kubiki 6.2. Akanilipa 248,000 badala ya 320,000. Shilingi 72,000 zimeyeyuka kati ya Mafinga na Iringa, safari ya kilomita 80.

Dereva ni kijana wa jirani yangu. Nimemjua tangu anavaa kaptula ya shule, na amenibebea kuni miaka miwili. Nilimuuliza kama alisimama njiani kumshushia mtu, akasema hakusimama popote zaidi ya kizuizini. Sikumwamini. Tulipatana 110,000, nikampa 80,000 nikamwambia 30,000 inabaki mpaka nijue kuni zangu ziko wapi. Hajanisalimia tangu siku hiyo.

Naombeni mnisaidie. Ni dereva, ni mteja, au ni mimi nisiyejua kupima? Na je, kuna namna ya kuuza kuni ambayo mimi na mnunuzi wote tutalala usingizi? Nimefikiria kuhamia kwenye kilo.

---

Msema_Wazi

Umepigwa mama. Kubiki karibu mbili hazipotei hewani. Dereva kashusha, au mteja kavuta futi kwa ujanja. Hii ni sawa na lumbesa, ila huku mkulima anapunjwa kwa kubiki badala ya gunia. Nenda ofisi ya Wakala wa Vipimo mkoani, wakaipime futi ya huyo mwoka mikate.

---

Canter_la_Kusini

Mama Tumaini, na mimi ni dereva, nabeba mbao na kuni kati ya Makambako na Dodoma. Naomba nisikike kabla kijana hajahukumiwa.

Canter ninalolitumia bodi yake ni mita 4.2 kwa 1.9, na mbao nimepandisha 1.3. Piga hesabu, ni kubiki 10.4. Kuni zikirushwa tu zinajaza bodi lote, na mwenye shamba anaamini amepakia kubiki kumi. Tukifika, zikipangwa vizuri, zinatoka sita, sita na nusu. Nimeliona hilo mara nyingi sana, na kila mara macho yote yanamgeukia dereva. Kushusha kubiki karibu mbili za vipande vya nusu mita, peke yako, barabarani, kisha upange upya juu ili gari lionekane limejaa, ni kazi ya saa nzima. Lilifika saa ngapi? Kama liliondoka saa nne, mjini lingekuwa saa sita hivi. Muulize mteja gari liliingia kwake saa ngapi, hiyo peke yake itakuambia mengi.

Kijana anadai 30,000 zake na mafuta alishanunua.

---

Mwokaji_wa_Moshi

Dada, mimi niko upande wa pili, nanunua. Natumia tanuri la matofali, mikate na keki za harusi. Nilichoka na "mzigo wa guta" kwa sababu guta la leo si la jana. Nikamwambia fundi anitengenezee kreti ya mbao, ndani mita moja kila upande, mbele wazi. Muuzaji anapanga mwenyewe ndani ya kreti yangu, mimi nimesimama. Ikijaa ni kubiki moja, nalipa, tunaendelea na ya pili. Kelele zimeisha.

Ila lipo jambo moja ambalo kreti haisemi, nalo ni ubichi. Kubiki ya kuni mbichi na kubiki ya kuni zilizokaa miezi mitatu juani hazipiki mikate sawa. Mbichi zinatoa machozi kwanza, povu linatoka mwisho wa gogo, tanuri linachelewa na mikate inakaa na harufu ya moshi. Mimi nina bei mbili. Kwa hiyo mteja wako akianza kulalamika ubichi, usimwone mkorofi.

Hesabu za hao wataalamu wengine siziwezi, waje waseme.

---

Mpima_Yadi

Mama Tumaini, salaam. Nimefanya kazi miaka 17 kwenye yadi ya kuni ya kiwanda cha chai huku huku Mufindi. Kiwanda kinakausha majani kwa mvuke wa boila, na boila inakula kuni usiku na mchana, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama na fimbo ya mita mbele ya malori ya watu kama wewe. Nimegombana na wakulima wengi, na baadhi ya ugomvi huo nilikuwa na makosa mimi. Ndiyo maana nataka nikujibu taratibu.

Katika maelezo yako kuna mstari mmoja umeupita haraka. Umepima magogo yakiwa ya mita moja. Halafu ukayakata katikati na kuyachanja. Mteja naye akapima vipande vya nusu mita. Mmepima vitu viwili tofauti mkaviita jina moja, kubiki.

Chukua gogo moja la chipukizi lililopinda, urefu wa mita. Liweke juu ya jingine lililopinda upande wake. Katikati pana nafasi ambayo mkono wako unapita mpaka kwenye kiwiko. Sasa yakate yote mawili katikati. Kila kipande kimebeba nusu tu ya lile pindo, kinakaribia kunyooka. Vipange tena, mkono haupiti, vidole tu. Mbao ni zile zile, kasoro unga wa msumeno. Kilichopungua ni hewa. Ukichanja manene, vipande vyembamba vinaweza kuziba baadhi ya matundu yaliyobaki.

Wafaransa wana kipimo chao cha kuni tangu 1795, wanakiita stere, nacho ni hiyo hiyo kubiki moja ya magogo ya mita yaliyopangwa. Fundi wa boila aliyekuja kutufundisha alikuwa na jedwali lao. Stere moja ya magogo ya mita ukiikata vipande vya sentimita 50, inabaki 0.8 ya rundo. Ukikata 33 inabaki 0.7, ukikata 25 inabaki 0.6. Hiyo ni kwa miti ya kwao. Kwa milingoti iliyonyooka ya hapa kwetu nimeona kupungua kumi kwa mia, na kwa machipukizi yaliyopinda nimeona hata ishirini. Ukizirusha kwenye gari bila kupanga mambo yanageuka, rundo linavimba sana, na hapo dereva aliyeandika kabla yangu amesema kweli tupu.

Kwa hiyo kubiki 8 zako, ukizipunguza 0.8, ni 6.4. Mteja kapata 6.2. Sijasema hakuna aliyechukua kitu. Nasema kabla hujamtafuta mwizi, tafuta kwanza ile 0.2, maana nyingine ina maelezo.

Na hapo nina swali. Ile picha uliyomtumia mteja, iweke hapa. Nataka kuona mgongo wa rundo. Watu wengi wanaweka alama kwenye vigingi, wanapanga mpaka kwenye alama pale kwenye vigingi, na katikati rundo limebonyea kama kitanda cha kamba. Sisi tulikuwa tunapima kimo kila baada ya mita moja, tunajumlisha, tunagawa. Rundo la mita 8 ni vipimo tisa, ukianzia kwenye kigingi na kumalizia kwenye kigingi. Kama liko kwenye mteremko, fimbo isisimame wima kufuata mbingu, isimame mraba na ardhi, na urefu uufuate mteremko huo huo. Ukichanganya, yaani urefu wa mteremko na kimo cha wima, unajiongezea kuni ambazo hazipo.

Suala la kilo. Usikimbilie huko kabla hujafikiri. Niliwahi kuchukua gogo moja la mlingoti siku lilipokatwa, mita moja, unene sentimita 12, nikalipaka rangi nyekundu mwishoni nisilipoteze. Mizani ikasema kilo 11.4. Nikaliegemeza ukutani upande wa jua, mwezi wa saba mpaka wa kumi. Likawa kilo 6.9. Kilo nne na nusu zilikuwa maji. Kwa hiyo ukiuza kwa kilo kuni mbichi, mteja ananunua maji kwa bei ya moto, na ukiuza kavu, wewe uliyezitunza miezi mitatu unalipwa kidogo kuliko aliyekata jana. Kubiki haina ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Mti ukikauka unasinyaa, ndiyo, kumi kwa mia hivi na mlingoti pengine zaidi, lakini si kama uzito. Kilo inafaa pale tu mnapokuwa na kipima unyevu, au mmekubaliana muda wa kukausha na mnaaminiana.

Sasa namna ya kulala usingizi. Tengeneza fremu ya mbao, ndani mita moja kwa mita moja. Piga misumari midogo ubavuni, wa kwanza sentimita 5 kutoka kwenye kona, unaofuata kila baada ya sentimita 10. Itakuwa kumi kila upande. Funga nyuzi kumi wima na kumi za ulalo. Zinakutana mara 100. Isimamishe mbele ya rundo, vichwa vya magogo vikiwa vinakutazama, kisha angalia kila mahali nyuzi mbili zinapokutana. Nyuma yake kuna mbao? Hesabu moja. Kuna tundu? Ruka. Ukipata 60, basi katika kila kubiki ya rundo lile una 0.6 ya mbao yenyewe na 0.4 ni hewa. Fanya sehemu tatu, chukua wastani. Si kipimo cha maabara, kinakosea kidogo huku na huku, na kuni zilizopinda sana zinakidanganya. Lakini mimi kilinisaidia kumaliza ugomvi mwingi, maana mkulima anahesabu mwenyewe kwa kidole chake.

Una magogo ya mita yaliyobaki? Panga kubiki mbili, pima, hesabu nyuzi. Kata katikati, chanja kama ulivyochanja siku ile, panga tena, pima, hesabu. Uje utuambie.

---

MamaTumaini_Mufindi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mwanangu kwa simu.

Picha hiyo hapo. Nimeiangalia upya na kweli katikati rundo limelala. Kigingi cha kushoto magogo yako kwenye alama, cha kulia pia, lakini pale kwenye mita ya nne na ya tano pamebonyea. Siku ile sikuliona kabisa, nilikuwa naangalia alama zangu za mkaa.

Mteja nimemuuliza saa. Anasema gari liliingia saa sita na dakika ishirini.

Magogo yapo. Kesho kutwa kijana wa msumeno ana nafasi.

---

Mpima_Yadi

Marahaba mama. Kwenye picha, kigingi chako ni mita moja kutoka ardhini hadi alama, kwa hiyo nimetumia hicho kama rula kwenye kioo cha simu. Nimepata vipimo tisa: 1.00, 0.96, 0.93, 0.90, 0.89, 0.90, 0.93, 0.95, 1.00. Wastani ni 0.94. Kwa hiyo hukuwa na kubiki 8, ulikuwa na 7.52. Karibu nusu kubiki haikuwahi kuwepo, na hakuna aliyeichukua.

Saa sita na dakika ishirini, kwa gari lililoondoka saa nne na lina kizuizi cha kusimama, hakuna nafasi ya kushusha na kupanga upya hapo. Nakuachia wewe.

---

Wa_Kigoma_Maine

Samahani kuingilia, mimi ni mtu wa Kigoma, naishi jimbo la Maine, Marekani. Huku baridi ni ya kuua na watu wengi wanawasha majiko ya kuni ndani ya nyumba, kwa hiyo mabishano haya haya yapo, mpaka yameingia kwenye sheria.

Kipimo chao ni kordi, rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128. Ni kama kubiki 3.62. Sasa sikilizeni hili linalomhusu Mama Tumaini: sheria ya jimbo hili inasema muuzaji akileta kuni zilizorushwa tu garini bila kupangwa, na vipande ni vya inchi 12 au 16, basi kordi moja ni futi za ujazo 180. Vipande vikiwa vya inchi 24 ni 195. Ni kordi ile ile, lakini sheria imekubali kuwa zikirushwa zinabeba hewa zaidi, na kipande kirefu kinabeba hewa zaidi ya kifupi. Hayo ndiyo aliyoandika mzee wa yadi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwita muuzaji mwizi kwa sababu nilipanga nikapata pungufu ya nilichokiona garini. Jirani yangu, mzee wa hapa, alinishika mkono akanipeleka kwenye rundo lake akanionyesha. Nilikwenda kuomba radhi theluji ikiwa magotini.

---

MamaTumaini_Mufindi

Wadau, nimerudi. Mzee wa yadi, Shikamoo tena.

Jana tulishinda kwenye hili kuanzia saa mbili. Fremu niliitengeneza kwa mabanzi ya paina, nyuzi nilitumia za kushonea magunia. Nikapanga mita 2 kwa 1, safari hii nikitembea na fimbo kila nusu mita na kuongeza gogo panapobonyea, mpaka mgongo ukanyooka. Kubiki 2 kamili. Nikasimamisha fremu sehemu tatu. Vijana walicheka mwanzoni, halafu mmoja akaanza kubishana nami kama uzi umeangukia gamba au tundu, na hapo nikajua ameelewa. Tulipata 55, 61 na 58. Wastani 58.

Tukakata katikati, tukachanja manene, tukapanga upya kati ya vigingi vile vile. Mzee, niliona kwa macho yangu. Rundo la kwanza nilikuwa nauona mlima wa upande wa pili kupitia kwenye matundu. Hili la pili ni giza, sikuona kitu. Nikapima: 1.69. Nikahesabu nyuzi: 70, 67 na 70. Wastani 69.

Nikaenda jikoni na daftari. Kukata kumeshusha 2 ikawa 1.69, yaani kila kubiki inabaki 0.845. Rundo langu la siku ile mzee kalipima kwenye picha 7.52. Mara 0.845 ni 6.35. Mteja alipata 6.2. Tofauti yote iliyobaki ni kubiki 0.15 ya rundo, mafungu machache ya kubeba kichwani. Kisha nikajaribu kwa mbao yenyewe, bila hewa. Shambani 7.52 mara 0.58 ni 4.36. Iringa 6.2 mara 0.69 ni 4.28. Nilikaa na hizo namba mbili muda mrefu. Kuni zangu zilifika. Vipande vichache pengine vilibaki pale tulipokatia, unga wa msumeno nao umerundikana pale mpaka leo.

Jioni nikachukua zile 30,000 nikaenda kwao. Alikuwa anaosha gari, mama yake ameketi barazani anachambua mboga. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba nilimshuku bure na sikupaswa kumnyima hela yake, na kwamba nilikosea kupima. Sikutaka kumwambia pembeni, kwa sababu maneno yangu ya kumshuku hayakubaki pembeni, nilimweleza jirani mmoja na mnajua yanavyotembea. Alikausha mikono kwenye suruali akapokea, akasema "sawa mama." Hakusema zaidi. Mama yake ndiye aliyenikaribisha kuketi.

Mteja nilimpigia usiku. Nilimweleza yote pamoja na namba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema na yeye hakujua, alidhani nimempangia magogo yenye matundu makusudi. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tumelala na dhana mbaya, kila mtu na mji wake. Mambo tuliyokubaliana ni haya. Kubiki yetu kuanzia sasa ni ya vipande vya sentimita 50, vimechanjwa, vimepangwa. Inapimwa shambani baada ya kukata, si kabla. Nampigia picha fremu ikiwa imesimama mbele ya rundo, na fimbo ikiwa katikati panapobonyea, si kwenye kigingi. Bei nilimwomba 47,000, kwa sababu 40,000 ukiigawa kwa 0.845 inatoka 47,000 na ushee. Akasema 45,000 kwa mbichi na 50,000 kwa zilizokaa miezi mitatu chini ya bati. Nimekubali, na dada wa Moshi nakushukuru, bila wewe nisingelifikiria la bei mbili. Nina banda la zamani la kuku, nitalisafisha liwe la kukaushia.

Ile 72,000 sikuidai. Kubiki nusu haikuwepo, na nyingine yote alipima alichokiona kwa kipimo alichokijua. Lakini mwenyewe akaniambia mzigo ujao ataongeza 20,000, kwa sababu ni yeye aliyebadilisha mpango alfajiri ya safari. Nimepokea.

Mzee wa yadi, bado nina swali moja. Zile kuni za kukausha, nizipange zikiwa na urefu wa mita kisha nizikate siku ya kuuza, au nizikate kabisa sasa hivi? Kijana wa msumeno anataka kujua kama aje wiki hii.

---

Mpima_Yadi

Zikate na kuzichanja sasa. Maji yanatoka zaidi kupitia vichwa vya gogo kuliko kupitia gamba, na ukikata katikati umeongeza vichwa mara mbili. Ukichanja ndiyo kabisa, moyo wa gogo unaona hewa. Weka magogo mawili ya kukanyagia chini zisiguse udongo, acha nafasi ya mkono kati ya rundo na ukuta wa banda, na upande unaopokea upepo uache wazi. Pima siku unapopanga na upime tena siku ya kuuza. Rundo litakuwa limeshuka kidogo kwa kusinyaa, usishtuke, na usimwulize mtu.

---

MamaTumaini_Mufindi

Nimeelewa mzee, asante sana. Anakuja kesho.

Mzigo wa mbichi unaondoka Jumamosi. Nimemtumia dereva ujumbe aje mapema kabla hatujapakia, ashike upande mmoja wa futi wakati napima, aandike na yeye namba zake. Amejibu sasa hivi kwamba saa kumi na mbili atakuwa shambani.